Jina Lililotajwa Juu ya Beseni

Jumatatu, 5 Februari

Kwa Baba Mdogo, na kwenu nyote mnaosikiliza,

Ninadai, nami niko tayari kulitetea dai hili mbele ya yeyote, kwamba fundisho la Utatu, kama linavyokaririwa kanisani kwetu kila Jumapili, halina msingi katika Maandiko. Sisemi kwamba ni gumu, wala kwamba ni fumbo. Mambo mengi ni magumu na bado ni kweli. Nasema halimo.

Naandika nikiijua desturi yetu. Barua ya aliye mbali haifunguliwi ofisini. Hupasuliwa mbele ya watu baada ya matangazo, ikasomwa tangu tarehe hadi sahihi bila kurukwa neno, asije mtu akasema mchungaji alichagua. Kwa hiyo nimetumia mwandiko mkubwa, Baba Mdogo, maana miwani yako ni ya kutafutia skrubu za saa, si ya kusomea hoja.

Mwana mwenyewe anakiri kwamba Baba ni mkuu kuliko yeye. Anakiri pia kwamba saa ya mwisho haijui yeye wala malaika, ila Baba peke yake. Nakuuliza wewe unayeishi kwa saa za watu: anayejua yote aweza vipi kutoijua saa moja? Wenzako hujibu kwamba alisema hivyo kwa upande wa ubinadamu wake. Jibu hilo linanikumbusha mwanafunzi aliyekamatwa na kikaratasi cha majibu, akajitetea kwamba ni mkono wa kushoto uliokiandika.

Tazameni pia mahubiri ya Petro siku Roho aliposhuka. Ile ndiyo ilikuwa nafasi ya kulitangaza fundisho hili kama lilikuwapo. Badala yake anamtaja mtu aliyethibitishwa na Mungu, ambaye Mungu amemfanya kuwa Bwana na Kristo. Mtu hafanywi kile ambacho amekuwa tangu milele.

Mtanijia na mwisho wa Injili ya Mathayo, mahali yanapotajwa majina matatu juu ya maji. Nami nitawapeleka kwenye Matendo. Fungueni kila mahali panapotajwa maneno ya ubatizo, mtaona mitume wakibatiza kwa jina la Yesu. Hao waliisikia amri kwa masikio yao. Ama walikuwa wakaidi, ama waliielewa kuliko sisi.

Hapa nilipo nasahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda cha chapa: kadi za harusi, majalada ya daftari, matangazo ya dawa za panya. Shahada yangu ya lugha za kale imepata kazi ya kutafuta nukta zilizopotea. Hata hivyo chumba changu kiko juu ya mashine, na jioni zikinyamaza husoma kwa utulivu kamili. Mwambieni Mama kikohozi kimekwisha.

Nasubiri jibu, nalo lisomwe kwanza mbele ya watu wale wale.

Mwanao,
Msomi


Jumanne, 20 Februari

Mwanangu Msomi,

Barua yako imesomwa. Nilipofika pale pa miwani na skrubu, mzee wa sadaka alicheka hadi kikapu kikamtoka mkononi. Kwa hiyo bao la kwanza ni lako. Tulia sasa nikufunge mawili.

Unasema Utatu haumo. Kweli, neno hilo halimo. Neno Biblia nalo je, limo? Mbona umelisomea miaka yote hiyo? Mtoto wa nyoka ni nyoka, mwanangu. Marehemu kaka yangu naye alikuwa akibishana hivi hivi, ila yeye alikuwa akibishana ameshika jembe.

Niliwafungulia saa pale mbele. Nikawaonyesha mshale wa saa, wa dakika na wa sekunde. Mishale mitatu, saa moja. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Mchungaji, hapo hata mimi nimeelewa." Kwa hiyo shahada yako imeshindwa na saa ya mkononi iliyokatika mkanda.

Na ukitaka Maandiko, haya. Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu. Tomaso alipoona makovu alimwita Bwana wake na Mungu wake, wala hakukemewa. Mtoni, Mwana yuko majini, Roho anashuka kama hua, sauti ya Baba inatoka juu. Petro anamwambia Anania kwamba amemwambia uongo Roho, na kabla hajameza mate anamwambia amemwambia uongo Mungu. Na ile baraka ninayowafungia nayo ibada, neema, upendo na ushirika, sikuitunga mimi kibandani kwangu pa kutengenezea saa. Ni ya Paulo.

Jambo moja limebaki. Nilipomaliza kusoma, mama yako aliinua mkono. Unamjua, tangu nimekuwa mchungaji hajawahi kuinua mkono kanisani. Akauliza, "Shemeji, na aliyebatizwa kwa hayo matatu akafa, huko aliko anaitwaje?"

Kanisa zima likageuka kumtazama. Nikasema ni swali zuri, tutaliweka kwenye barua. Basi nimeliweka. Lijibu kwa upole, maana ni barua yako iliyolichokoza. Tangu Jumapili hiyo amekuwa kama mtu anayesikilizia mlango. Ukimsemesha anakunyamazisha kwa kidole, halafu anasema, "Hapana, si kitu, endelea."

Kula vizuri.

Baba yako mdogo,
Mchungaji na fundi saa


Jumamosi, 9 Machi

Kwa Baba Mdogo, na kwa kanisa,

Nilisema fundisho halimo; wewe umejibu kwamba neno halimo. Umemjibu jirani aliyekuwa kimya, ukamwacha aliyebisha hodi.

Ama saa yako. Mshale wa dakika peke yake si saa. Ni kipande cha saa. Imani unayoitetea inakataza kabisa kumgawa Mungu vipande. Kwa hiyo Jumapili ile, Mchungaji, ulisimama madhabahuni ukafundisha uzushi, tena uzushi unaofungwa kwa bisibisi, na kwaya ikakupongeza.

Hua, sauti na aliyesimama majini wananionyesha watatu. Hawanionyeshi kwamba watatu hao ni mmoja, na hicho ndicho ulichotakiwa kuthibitisha. Paulo anawataja pamoja. Kutajwa pamoja si kuwa sawa, la sivyo kila kadi ya harusi ninayosahihisha ingewafanya bwana harusi, mjomba na mwenyekiti wa kamati kuwa nafsi moja. Tomaso ananisumbua, sitaficha. Lakini rudi nyuma mistari michache katika sura ile ile: aliyefufuka anamwambia Mariamu kwamba anapaa kwenda kwa Mungu wake, naye ni Mungu wetu. Mwenye Mungu juu yake ni nani? Nijibu hilo kwanza, kisha nitampigia Tomaso magoti.

Sasa swali la Mama. Naelewa kwamba anamuulizia marehemu Baba, aliyebatizwa ukubwani kwa maneno hayo matatu. Umeniomba nijibu kwa upole. Upole wa namna hiyo ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na sikulelewa hivyo. Kweli haipindi njia kwa sababu kuna mjane amekaa barabarani. Yaliyotajwa juu ya maji yale yalikuwa vyeo, si jina. Na maneno yasiyo na msingi katika Maandiko, hata yakisemwa kwa machozi, yamesemwa katika chumba kitupu. Aliyebatizwa hivyo hajaitwa bado na mtu yeyote.

Mama ni mwanamke jasiri. Atalibeba.

Nasubiri jibu juu ya Mariamu.

Mwanao,
Msomi


Alhamisi, 28 Machi

Mwanangu,

Barua imefika. Niliipasua mbele ya watu kama ilivyo desturi, nikaisoma mpaka pale pa chumba kitupu. Hapo nilikunja karatasi, nikataja namba ya wimbo. Ni mara ya kwanza barua kukatizwa, na wazee wameninung'unikia. Waache wanung'unike.

Nakuomba kitu kimoja kama mzazi. Tubishane kuhusu Tomaso. Tubishane kuhusu Neno, kuhusu Mariamu, hata kuhusu saa yangu, nimekubali ule mfano ulikuwa wa kibandani. Lakini acha maji. Usiandike tena habari za ubatizo, wala za nani kaitwa na nani hajaitwa. Usiniulize sababu.

Mama yako hajambo, ila halali vizuri, na ameniomba nimpe ufunguo wa stoo. Nimempa.

Baba yako mdogo


Ijumaa, 12 Aprili

Kwa Mchungaji peke yake,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyostahili. Mtu anayemwambia mpinzani wake abishane juu ya kila kitu ila jambo moja, amekwisha kumwonyesha mahali penye ufa.

Umeikatiza barua ya aliye mbali. Umeivunja desturi iliyoshikwa hata na wazee wasiojua kusoma, na umeivunja kwa namba ya wimbo. Nilikuwa nadhani nabishana na mchungaji. Kumbe nabishana na mlinzi wa mlango. Usiniulize sababu! Nimesoma miaka yote hiyo kwa juhudi zako, kwa saa ulizozirekebisha hadi macho yakakuuma, na mavuno yake ni mimi kuambiwa nisiulize?

Msimamizi wa kiwanda ameniruhusu kutumia mabaki ya karatasi. Nimeichapa barua yangu ya Machi yote, pamoja na kile kipande ulichokimeza, na mzigo nimemtumia Dada. Atagawa mlangoni ibada ikiisha. Kinywa kimoja kinaweza kufungwa. Karatasi zikiwa nyingi haziwezi.

Msomi


Jumapili, 28 Aprili

Mdogo wangu,

Mzigo wako uko jikoni chini ya meza. Sijakata kamba. Mama aliuliza ni nini nikamwambia ni kalenda. Akasema, "Kalenda Aprili?" Nikamwambia zimechelewa. Akasema, "Ndiyo, vitu vyake huchelewa, hata alipozaliwa alichelewa kulia," akaenda zake. Nikaacha kushona. Nilikuwa na sare kumi za shule za kumaliza nikakaa tu nimeshika kola.

Najua una akili na mimi niliishia darasa la saba. Lakini umejibu swali ambalo hujaulizwa. Mama hakumuulizia Baba.

Unajua mlizaliwa wawili. Uliambiwa ukiwa mdogo ukasema "aha", ukarudi kwenye kitabu. Hapa nyumbani hatukulitaja tena, ikawa ni kama hujui. Sasa nakwambia yote, maana nilikuwapo.

Mlikuja kabla ya wakati. Baba Mdogo alikuwa amesafiri kuhubiri kwenye kanisa jingine na Baba alikuwa amemfuata. Mkunga aliwatazama akatikisa kichwa, akatoka nje kuosha mikono. Mama akaniambia nilete beseni, lile jeupe lenye ukingo wa bluu. Nilikuwa mtoto, lilinilemea, maji yakanimwagikia miguuni. Mama akachovya mkono, akaanza na msichana kisha wewe. Akasema kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Hakuwa amepata jina la kumpa, kwa hiyo alisema "huyu". "Huyu namweka kwa jina la." Pacha wako aliacha kupumua nywele hazijakauka. Wewe ulikuwa kimya, halafu ukalia.

Hayo ungeweza kuyabeba, najua. Sikiliza yanayofuata.

Ulipopata nguvu Mama alikupeleka kanisani upokelewe. Baba Mdogo alikuwa mchungaji mpya, bado kijana. Akakunyooshea mikono ili akubatize. Mama akamwambia, "Shemeji, huyu ameshabatizwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Basi bado."

Alisema akitabasamu, kama mtu anayemsahihisha mtoto, akakuchukua mikononi mwake akakubatiza upya. Watu wakaimba. Mimi nilikuwa nimeshika sketi ya Mama, nikamwangalia usoni. Alikuwa anaimba na wao, lakini sauti haitoki.

Umeelewa? Kama yale ya beseni hayakuwa kitu kwako wewe uliyepona, kwake yeye aliyekufa yalikuwa nini? Mama hajawahi kumuuliza Baba Mdogo. Alilimeza. Ndipo ikaja barua yako ya kwanza akainua mkono, ikaja ya pili ikamwambia maneno yale yalisemwa katika chumba kitupu. Zote zilisomwa kwa sauti ya Baba Mdogo, yule yule. Kwake ilikuwa ni kama anaambiwa tena pale pale.

Beseni lilikuwa stoo. Sasa liko sebuleni. Si usiku, ni mchana kweupe, nikitoka kwenye cherehani namkuta amelijaza. Anachovya mkono, anauinua, maji yanadondoka, mdomo uko wazi na hasemi kitu. Nikamuuliza, "Mama, unafanya nini?"

Akasema, "Amekuja. Anataka kujua anaitwaje."

"Mwambie basi."

"Nimwambie yapi? Yangu, Mchungaji alisema si kitu. Ya Mchungaji, mwanangu anasema si kitu. Nikisema yasiyofaa atarudi tena hivi hivi."

Amekataa meza ya Bwana. Anasema hawezi kula humo ndani na mwanawe yuko nje. Hata chakula cha nyumbani anakula vijiko viwili, anakifunika kilichobaki, anasema ni cha mtu. Viungo vyake vimebaki kama hanga za nguo.

Wiki iliyopita nilimwaga maji mwenyewe, nikalifunika beseni kifudifudi uani. Nimekaa kwenye cherehani, nikasikia kama kitu kidogo kinapiga bati la beseni kwa kiganja. Usicheke. Nilisimamisha gurudumu la cherehani nikasikia tena. Nikaenda kutazama. Limefunikwa vile vile, na saruji iliyo chini yake imelowa. Labda sikulikausha. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Baba Mdogo anakuja kila jioni. Anakaa mlangoni, hajui pa kuweka kofia. Mama anamkaribisha vizuri, anamuuliza habari za saa za watu. Anamsubiri aseme, naye hasemi. Anaogopa wazee: kanuni ya kanisa inasema anayebatiza ni mchungaji peke yake, na akisema ya beseni yalisimama, watamuuliza kwa nini basi alikurudia. Akisema hayakusimama, atamzika Mama. Kwa hiyo anasema, "Mambo hayo ni ya Mungu, shemeji." Mama anasema, "Ndiyo, shemeji." Halafu anaondoka, na Mama anaenda kuchota maji.

Sikuombi uache hoja zako. Sizielewi, huenda ni za kweli. Naomba mmoja wenu wanaume wawili mnaojua Maandiko amjibu. Barua zenu ni ndefu na hakuna aliyemjibu.

Dada yako


Jumanne, 7 Mei

Kwa Baba Mdogo, anayeisoma barua hii kwa mara ya kwanza akiwa amesimama,

Bahasha niliifunga kwa gundi ya kiwandani, na Dada nimemwomba asikupe ila baada ya matangazo. Nimemwomba vilevile amkalishe Mama benchi la mbele. Kila mstari unaufikia pamoja na kanisa lote. Barua yangu ya Machi uliikatiza. Safari hii nimewaomba wazee wakusogelee, na hutaikatiza.

Mama, shikamoo. Haya yanakuhusu, lakini aliye na deni la kukujibu si mimi peke yangu, ndiyo maana nasema naye.

Dai langu la Februari liko pale pale. Naona bado kwamba Maandiko yanatuonyesha watatu bila kutupa kanuni ya hesabu yao, na nitabishana na mtu yeyote juu ya hilo hadi ndevu zitoke mvi. Lakini kuna sentensi moja ninaiondoa, na ninaiondoa mahali pale pale iliposikika. Niliandika kwamba maneno ya namna ile husemwa katika chumba kitupu. Hilo sikulitoa katika Maandiko. Nililitoa katika kupenda mlio wa kalamu yangu. Chumba hakikuwa kitupu. Nilikuwamo. Nililala kando yake, nikisubiri zamu yangu ya maji yale yale, na kama kuna shahidi aliye hai wa kwamba maneno yalisemwa juu ya mtu fulani na si juu ya hewa, basi shahidi huyo ni ngozi yangu.

Sikuamini mizimu, na shahada yangu haina somo lao. Hata hivyo tangu barua ya Dada nimelitoa beseni langu nje ya chumba, nikaliinamisha ukumbini kwa wapangaji wengine. Kiwandani tunanawa wino kwenye bomba moja. Nikifika zamu yangu, napisha. Wenzangu wananiita mchafu. Mkono ukilowa, naona kwamba kuna kitu nilitakiwa kusema, na sikijui. Kama mimi, niliyejiona sina deni kwa maji, nimefikia hapo, basi pima mwenyewe aliyeuchovya mkono akiwa mama.

Sasa nije kwako, na nije kwa Maandiko, maana ndiyo tuliyoyachagua yawe kiwanja.

Nimetafuta mahali ambapo mtu alifukuzwa mlangoni kwa sababu maneno yaliyosemwa juu yake hayakutosha. Sikupaona. Utaniambia juu ya wale wanafunzi wa Efeso waliobatizwa upya. Kweli, walibatizwa upya. Lakini walikuwa hai, waliulizwa, wakajibu. Mhalifu aliyekufa pembeni ya Bwana hakupata maji wala jina, akaambiwa atakuwa pamoja naye siku ile ile. Nabii anauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto anyonyaye, na anayejibu swali lile anasema kwamba hata akisahau yeye, mimi sitasahau. Mama hakusahau, Baba Mdogo. Basi mtoto huyo ana wawili wanaomkumbuka.

Nawe utasimamia kanuni: aliyeshika maji hakuwa mchungaji, tena alikuwa mwanamke. Fungua Kutoka, uende pale Musa alipokuwa njiani na mauti yakamkuta kambini. Hakukuwa na kuhani. Ni Sipora, mke wake, aliyetwaa jiwe kali akamtahiri mwanawe kwa mkono wake, na mauti yakaondoka. Hakuna mstari unaosema kwamba Musa alipopata nafuu alimrudia mtoto yule upya kwa sababu aliyefanya alikuwa mama yake.

Wewe ulinirudia. Ulitabasamu ukasema, "Basi bado." Ulikuwa kijana, tena msomi wa zamani zako, na ulipenda mambo yakae katika mpangilio. Nakufahamu kwa sababu nakuona kwenye kioo changu. Umenisomesha, umenivika, umeninunulia kamusi kabla hujajinunulia viatu, na sijasahau hata moja. Lakini neno lile liliacha mtu nje, na mama yake amekuwa akikaa katika benchi lako akiimba bila sauti.

Mimi na wewe tumebishana miezi mitatu kama jina la Mungu ni moja au matatu. Kati yetu alikuwa amekaa mtu ambaye, siku ile aliyoachwa peke yake na watoto wawili wanaokufa, alitaja yote aliyoyajua. Kama Utatu unaouhubiri ni wa kweli, basi aliwaita wote, nao hawana udhuru wa kutosikia. Kama mimi ndiye mwenye haki na wa kuitwa ni mmoja, basi huyo naye alikuwa miongoni mwa waliotajwa. Kwa hoja yako amesikika. Kwa hoja yangu amesikika. Inabaki kanuni ya kanisa, nayo haisemi yenyewe. Ina kinywa chako.

Kwa hiyo siombi jibu kwa barua, wala juu ya Tomaso, wala juu ya Mariamu. Ama ya beseni yalikuwa ubatizo, na ulikosea uliponichukua mikononi mwa Mama. Ama hayakuwa, na hapo useme hivyo ukimtazama usoni, si ukiwa mlangoni kwake na kofia mkononi. Wazee wakikuuliza kwa nini ulinirudia, uwajibu na hilo. Mimi niliyerudiwa nakusamehe kabla hujaomba, na kanisa lote limesikia nikisema.

Usitaje namba ya wimbo. Usiseme ni mambo ya Mungu. Mungu ana yake, haya ni yako. Mama ameuliza tangu Februari, na amekaa mbele yako. Weka karatasi chini, Mchungaji, umjibu shemeji yako kwa sauti ya kufika benchi la mwisho: binti yake alibatizwa, au hakubatizwa?

Mwanao,
Msomi